Nusu Kidonge cha Mama Nakiete

1.

TANGAZO

Uongozi wa Hospitali ya Ndorwe unawatangazia wananchi wote kuwa utafiti wa dawa ya rubezini kwa wagonjwa wa mafua makali ya virusi UMESIMAMISHWA kuanzia leo hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Sababu: vidonge vimetumika kinyume cha utaratibu.

Wananchi mnaombwa kuwa watulivu.


2.

Watulivu.

Sijui aliyeandika neno hilo alikuwa anamwambia nani. Mji ulikuwa kimya kama nyumba ambayo mtoto amevunja chungu na mama bado hajarudi. Kila mtu anajua, kila mtu anafagia uwanja.


3.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la kitaalamu ambalo hakuna aliyelishika. Watu waliuita Kabari, kwa sababu unamkamata mtu shingoni kwa nyuma, kama vibaka wa stendi, unamnyima pumzi mpaka macho yanamtoka. Mtu wa Ndorwe hasemi anaumwa. Anasema amepigwa kabari.

Dawa yake haikuwepo. Kutengeneza dawa mpya ni kazi ya miaka, na Kabari haikuwa na subira ya miaka. Basi wataalamu wakafanya kile anachofanya kila mama mgeni akiingia bila kubisha hodi: wakafungua kabati wakatazama kilichopo. Dawa za presha, dawa za malaria, dawa za viungo. Je, mojawapo haiwezi kukizuia kirusi hiki, ingawa haikutengenezwa kwa ajili yake?

Kwenye kabati la Ndorwe ilikuwepo rubezini. Ni dawa ya ukoma.


4.

(Anasema Rubezini.)

Mimi ni mzee. Niliwahi kuwa dawa ya watu waliokimbiwa. Walinimeza wakiwa wamekaa peke yao, nyuma ya ukuta, chini ya milima ya Upare, na waliopita barabarani waliziba pua. Niliwaponya. Hakuna aliyenipigia makofi.

Sasa mnaniita tena. Mnaniuliza kama ninajua kazi nyingine.

Sijui.

Nijaribuni.


5.

Daktari Nakiete Mrindoko, aliyeuongoza utafiti huo, ni mzaliwa wa Ndorwe. Alikua akiambiwa shuleni asishike chaki ya wenzake kwa sababu anatoka mji wa wakoma, ingawa kambi yao ilikuwa imeshafungwa na kugeuzwa hospitali kabla hajazaliwa. Siku alipoambiwa kuwa Ndorwe imechaguliwa kuijaribu rubezini, kwa kuwa hapana mahali penye watu walioizoea kama pale, alikwenda nyuma ya maabara akacheka peke yake, akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kazini. Mji uliozoea kutajwa kwa kunong'ona ulikuwa unatajwa redioni.

Aliingia wodi ya wanawake na kuwaeleza bila kuwaficha. Kila atakayekubali atapewa kidonge asubuhi. Nusu yao watapata rubezini. Nusu watapata kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na uchungu, ila ndani hakina dawa, ni kama chaki tu. Wote watapata oksijeni na matibabu ya kawaida. Nani kapata kipi, hata yeye daktari hajui. Kura imepigwa mbali, na siri yake anayo profesa mmoja, mwenyekiti wa kamati ya uangalizi. Mwishoni watalinganisha pande mbili, ndipo dunia itajua kama dawa inafaa au haifai.

Akawauliza kama wameelewa. Wodi nzima ikajibu kuwa imeelewa, na aliyejibu kwa sauti kuliko wote alikuwa wa kitanda cha dirishani, mwenye bomba la oksijeni puani. Huyo ni Mama Nakiete, mama yake mzazi.

Likumbuke jibu hilo, msomaji. Walielewa vizuri mno, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.


6.

Profesa alipiga simu asubuhi, wakati Nakiete akizungukia wagonjwa. Alimwambia kwa upole kwamba damu za wodi ya wanawake zimepimwa, na rubezini imeonekana kwa wote. Wote, pamoja na wale wa upande wa chaki. Si nyingi, lakini ipo. Kamati ilikuwa na wasiwasi kwamba Ndorwe kuna mtu anagawa dawa kwa mlango wa nyuma.

Hakutumia neno wizi. Alisema ukiukwaji.

Nakiete alisikia wizi.


7.

YALIYOSIKIKA

kwenye bomba la maji: Si nilisema? Watu wa kambi hao.

kwenye duka la spea: Wenyewe hawakuiba, wameibiwa jina tu.

mlangoni kwa maabara, kwa sauti ya chini: Daktari mama yake si yumo mle ndani? Mtoto gani atampa mama yake chaki?

kanisani, baada ya sala: Mungu anaona.

kanisani, kiti cha nyuma: Akione basi na kile kikombe cha uji, maana


8.

Nakiete aliingia wodini akafunga mlango. Aliwauliza kama yupo aliyewaletea vidonge vya ziada. Wanawake wale, walioshindana na Kabari na kuanza kuishinda, wakawa wanatazama dari kama wanafunzi waliokosa kufanya kazi ya nyumbani.

Kisha mama yake akajiinua kwenye mto. Hakuwa na aibu hata chembe. Alionekana kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

"Tuligawana," alisema.


9.

Ilikuwa hivi. Muuguzi Kiangi alikuwa akipita asubuhi na vidonge pamoja na uji, anamwachia kila mtu chake, anatoka upesi kama kanuni za wodi ya maambukizi zinavyotaka. Akishatoka, Mama Nakiete anapitisha sahani ya bati. Kila mmoja anaweka kidonge chake. Vinavunjwavunjwa kwa kitako cha kikombe, vinachanganywa, kila mtu anachota chake kwa kijiko. Si wamesema nusu ni dawa na nusu ni chaki? Basi kila mtu ale dawa kidogo na chaki kidogo. Utakulaje cha kukuponya wakati mwenzako wa kitanda cha pili anakohoa na kulamba chaki?

Alimweleza binti yake haya yote kwa subira, kana kwamba daktari ndiye mgonjwa. Akamkumbusha nani alimlea na kwa kanuni gani. Nyumbani kwao, mtoto aliyekula muwa nyuma ya nyumba peke yake alilala bila kusalimiwa.

Nakiete alitaka kukasirika. Alijikaza akasirike. Akaishia kukaa kwenye kitanda cha mama yake na kuficha uso kwenye barakoa, kwa sababu alikuwa anacheka na moyo unamuuma kwa wakati mmoja. Watu wale hawakuwa wameiba kitu. Walikuwa wamekataa kuibiana. Lakini mwiko mmoja wa jikoni ulikuwa umeuua utafiti mzima, maana vikishachanganywa hakuna pande mbili tena, na pasipo pande mbili hakuna cha kulinganisha.


10.

Kiangi alishauri waseme maabara imekosea. Alishauri kwa nia njema, akitazama pembeni. Sampuli huchanganyika, nani atajua.

Nakiete alimpigia profesa akamweleza yote kama yalivyokuwa: sahani, kitako cha kikombe, na jina la aliyeipitisha sahani. Alipofika kwenye jina, hakulificha.

"Ni mama yangu," alisema. "Na hakuna aliyetudanganya, Profesa. Walifanya walivyolelewa."

Profesa alimwomba ayaandike yote hayo kwa ajili ya kamati.


11.

(Inasema Chaki.)

Naomba nami nisimame nijivune kidogo, maana hakuna anayenisifu.

Sina kitu ndani. Ndiyo kazi yangu. Akipona aliyenimeza, mtajua mwili wake umejiponya. Akipona zaidi aliyemmeza yule mzee Rubezini, mtajua mzee ana nguvu. Mkinichanganya naye kwenye sahani, mtapona wengine, mtakufa wengine, na hamtajua kwa nini. Mwakani Kabari ikirudi mtaanza tena gizani.

Mimi ni utupu unaopima.

Msinionee huruma. Nimezeni.


12.

KUMB: UTAFITI WA RUBEZINI, KITUO CHA NDORWE

Kamati imepokea maelezo ya Mtafiti Mkuu na imeridhika na ukweli wake. Hata hivyo takwimu zote zilizokusanywa hadi sasa HAZITATUMIKA.

Kituo kinaruhusiwa kuanza upya na wagonjwa wapya, mara moja tu. Endapo vidonge vitagawanwa tena, utafiti utafungwa, dawa iliyobaki itahamishiwa kituo kingine, na jina la Ndorwe litaondolewa.


13.

Litaondolewa.

Nakiete alilisoma neno hilo akiwa amesimama. Si dawa tu. Jina. Alikuwa ameshaona jinsi jina la mji linavyoondolewa: watu wanaanza kusema "kule karibu na stesheni", "kule chini ya mlima", ilimradi wasiseme Ndorwe.

Kiangi alipendekeza askari wasimame wodini. Mwingine akapendekeza kamera. Mwingine akasema wagonjwa waapishwe kwa Biblia na Msahafu. Nakiete alikataa yote. Mtu aliyewekewa askari kwenye uji atajiona mwizi, na mwizi hutafuta njia.

Jibu lilitoka kwa aliyeleta balaa. Mama Nakiete alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, mwembamba lakini mzima, na alikuwa akichagua mawe kwenye maharage aliposema kwamba kosa la hospitali lilikuwa moja: iliwaacha ndugu peke yao na ndugu. Ndugu atakuonea huruma. Jirani atakuonea haya.

"Mletee kila mgonjwa mtani wake," alisema. "Mtani hana huruma, ana haki. Atakufungua mdomo, atakuchungulia chini ya ulimi, na huwezi kukasirika. Ukikasirika, unalipa mbuzi."


14.

UTARATIBU MPYA WA KUMEZA (umebandikwa mlangoni)

Kila mgonjwa atakuwa na shahidi mmoja aliyekwishapona Kabari.

Shahidi atakuwa mtani wa mgonjwa kwa kabila. Mpare kwa Mchaga. Mngoni kwa Msukuma. Wasio na mtani karibu watafutiwe.

Shahidi atashuhudia kidonge kikimezwa na ataangalia kinywa.

Matusi ya utani yanaruhusiwa.

Kucheka kunaruhusiwa isipokuwa kwa walio kwenye oksijeni, ambao wacheke taratibu.

(Hapa mtu ameongeza kwa kalamu: Mbuzi wasiletwe wodini.)


15.

Waliopona wakarudi. Nani angefikiria? Wanawake wale wale wa sahani ya bati walivaa barakoa na kupanga foleni getini, wakitaka kuhesabiwa upya. Walikuwa wamesikia kwamba mji unashukiwa, na walilichukulia jambo hilo kama tusi kwa mama zao.

Mama Nakiete alipangiwa mgonjwa wa wodi ya wanaume, Mzee Ndekirwa Shirima, Mchaga wa Rombo, mwenye duka la spea pale stendi, mtu mnene mwenye sauti ya kuamuru ambayo Kabari ilikuwa imeipunguza ikawa ya kuomba. Asubuhi ya kwanza alimtazama shahidi wake akauliza, kwa pumzi za kukatakata, kama akitema kidonge Mpare huyu atampeleka mahakamani.

"Nitauza ng'ombe nikupeleke," alisema Mama Nakiete. "Fungua mdomo."

Alifungua. Akameza. Mama Nakiete akamchungulia pande zote za ulimi na kumwambia wodi nzima ikisikia kwamba ajabu, kinywa cha Mchaga kitupu, hamna hata shilingi iliyofichwa.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nakiete alikuwa akipita na kusikia vicheko kupitia mlango, vicheko vya watu wasio na pumzi, vinavyoishia kwenye kikohozi na kuanza tena. Alikuwa amefanya kazi katika hospitali kubwa zenye mashine za kila aina. Hakuwahi kujivunia wodi kama alivyojivunia ile.

Damu zilipopimwa, kila upande ulikuwa upande wake. Hakuna punje iliyovuka.


16.

Lakini Shirima hakupata nafuu.

Wengine walipoanza kukaa, yeye alilala. Mama Nakiete alimtania hata hivyo, ila utani ukawa mfupi, na baada ya kumchungulia kinywa alibaki amemshika mkono, jambo ambalo halikuwemo kwenye utaratibu.

Asubuhi moja alimwita Nakiete kando ya kitanda. Akafungua pindo la kanga. Ndani ya fundo kulikuwa na nusu kidonge.

"Hiki nilikuwekea wewe," alisema. "Tangu siku ile tulipokuwa tukigawana. Unashinda na wagonjwa, hakuna anayekukinga. Nikasema nusu ni ya mwanangu."

Nakiete aliitazama ile nusu. Wodi nzima ilikuwa imelamba vumbi la kijiko, na mama yake, aliyekuwa anakata roho, alikata kidonge chake kabla hakijafika kwenye sahani, akamfungia binti nusu.

"Sikukupa kwa sababu kugawana kulikatazwa. Sasa niambie nimpe huyu."

Ilikuwa rahisi. Hakuna kamera, walikataa kamera. Hakuna askari. Nusu tu. Pengine dawa, pengine chaki. Nakiete hakujua, na pale kitandani hapakuwa na njia ya kujua. Alimtazama mtu aliyekuwa mbele yake, si takwimu, mtu mwenye soksi za rangi mbili tofauti, na kila alichosomea kilikuwa upande mmoja na mkono wake upande mwingine. Alijua kuwa mama yake akimpa, yeye hatasema. Hilo ndilo lililomwogopesha.

Shirima ndiye aliyeamua. Alikuwa amesikia. Alisogeza bomba la puani kidogo.

"Rudisha, Mpare," alisema. "Nimemeza dozi zangu zote. Usinifanye mwizi uzeeni."

Mama Nakiete alisimama na ile nusu mkononi. Kisha akaiweka kwenye kiganja cha binti yake, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe, kidole kimoja kimoja.


17.

Shirima alifariki.


18.

Gari la kumpeleka Rombo lilifika getini mchana. Mjane wake, Mama Manka, alikuwa amekaa mbele, hatoi machozi. Dereva alipowasha gari alimkuta mwanamke mwembamba amelala barabarani mbele ya magurudumu.

Wageni walishtuka. Watu wa Ndorwe hawakushtuka. Mtani ana haki yake msibani, na hakuna maiti inayotoka kabla haki hiyo haijalipwa.

Mama Nakiete aliinuka, akaenda nyuma ya gari, akatoa shilingi. Mnajua wanavyosema: ukitaka kuhakikisha Mchaga amekufa, angusha sarafu. Akaiangusha juu ya jeneza. Ililia kwenye mbao, ikazunguka, ikatulia.

Akasubiri.

Watu wakasubiri.

"Basi ni kweli," alisema, na hapo sauti ikamkatika. Akajifuta kwa kanga. Kisha akasema kwamba gari halitoki mpaka aambiwe jambo moja, na aambiwe na watu wote. Je, huyu mtu alimeza zote?

Mama Manka akateremsha kioo.

"Alimeza zote," alisema.

Mashahidi getini wakaitikia kwamba alimeza zote. Wagonjwa waliokuwa madirishani wakaitikia. Kiangi akaitikia, na Nakiete naye akaitikia akiwa na koti lake jeupe, mbele ya watu, akilia bila kujificha. Hakuwahi kuona mtu akiagwa kwa heshima kama ile, hata wakubwa.

Gari likaondoka.


19.

Unaniuliza, msomaji, alikuwa upande gani. Alimeza rubezini au alimeza chaki?

Siri anayo profesa.

Mimi nimekuambia alichomeza: alimeza zote.


20.

TAARIFA FUPI KWA VYOMBO VYA HABARI

Kamati ya uangalizi imekamilisha uhakiki wa takwimu kutoka Kituo cha Ndorwe. Uzingatiaji wa utaratibu wa kumeza ulikuwa wa kiwango cha juu kuliko kituo kingine chochote katika utafiti huu. Vituo vingine vimeelekezwa kujifunza kutoka Ndorwe.

Kuhusu matokeo ya dawa yenyewe, kamati inapenda kuujulisha umma kuwa


21.

Profesa alikuwa amempigia kabla ya redio. Nakiete alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakata simu, akatembea hadi nyumbani kwa mama yake bila kusimama kusalimia mtu, kosa kubwa sana Ndorwe, na wote waliokosa salamu walimsamehe.

Makande yalikuwa jikoni yanachemka. Mama Nakiete alimtazama usoni na asiulize lile ambalo mwingine angeuliza.

"Wametuamini?"

"Wametuamini, mama."

"Wote?"

"Wote. Wameandika jina. Wamesema wengine waje wajifunze hapa."

Mama Nakiete aliweka mwiko chini. Alinyoosha mgongo, na Nakiete akaona jinsi mama yake alivyokuwa mrefu, kitu alichokisahau tangu ugonjwa uanze. Mtoto wa mji ule alikuwa amekatazwa chaki ya wenzake. Sasa wenzake wanakuja kuuliza chaki inamezwaje.

"Na ya Shirima wameyaona?"

"Wameyaona. Hakukosa hata kidonge kimoja."

"Vizuri."

Chungu kikachemka.

"Na dawa," Nakiete alianza, "mama, ile dawa—"

Mama yake aliinua kiganja.

"Ngoja." Alikuwa tayari amejifunga kanga, anatafuta viatu chini ya kiti. "Kwanza nikamwite Mama Manka. Amerudi jana kutoka Rombo. Nipitie na wale wa wodini walio karibu. Habari kama hiyo hailiwi peke yake."

Akatoka. Nakiete alisikia sauti yake ikigonga uzio wa kwanza, ikaitikiwa, ikaenda uzio wa pili.

Akatoa sahani, sahani zote zilizokuwepo, akazipanga mkekani. Akakaa na ile habari mdomoni, hajaimeza, akiwasubiri wenzake.